Silikoni Imechafua Maji ya Tangi Jipya: Jua Kwanza Kama ni Siki au ni Dawa

"Ticha, tangi linanuka achari."

Mwanafunzi wa zamu ndiye aliyenipokea kwa maneno hayo, asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Aprili 2022, masika yamekolea. Ninasomesha kemia na baiolojia hapa Wete, Pemba, na tangi lile la samaki tulilichangia kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima, walimu na wazee. Urefu wake sentimita 80, upana 35, kimo 40, kioo cha milimita 6. Fundi alilileta Alhamisi jioni, akasema amelimaliza jana yake. "Siku mbili tu mwalimu, kisha jaza maji." Jumamosi tukalijaza maji ya mvua, kwa sababu mfereji ulikuwa haujatoa kitu siku ya nne. Jumapili alasiri nikatia samaki 14, gapi na moli, waliokuja kwa boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, kisha Unguja hadi Mkoani, wakamalizia kwa gari ya abiria mpaka Wete, ndani ya mifuko ya nailoni.

Jumatatu saa moja na nusu, 9 walikuwa wamekufa. Watano waliobaki wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Nikainamisha uso. Harufu ya siki, kali kama mtu aliyefungua chupa ya achari ya ndimu. Juu ya maji, utandu unaong'aa wa rangirangi, kama mafuta kwenye supu iliyopoa.

Tangu siku ile nimesaidia watu kadhaa wa Pemba na Unguja waliopatwa na msiba huohuo, na nimegundua kwamba wengi wanaanza kwa kutia kitu: magadi, chumvi, dawa ya samaki. Naomba usitie chochote. Kwanza jua silikoni, ile gundi fundi aliyounganishia vioo, imekuachia nini ndani ya maji. Ikiwa ni siki, tangi lako litapona kwa subira. Ikiwa ni dawa ya kuua kuvu, subira ya mwaka haitolisaidia, na maji utakayobadilisha utakuwa unayamwaga bure.

Saa ya kwanza: samaki

Kama una samaki wanaotweta sasa hivi, soma hapa, mengine utayasoma baadaye.

Watoe. Ndoo ya plastiki iliyokuwa ikitekewa maji tu inafaa. Ndoo iliyowahi kutiwa sabuni ya unga au jiki iache. Tatizo ni kwamba samaki aliyekaa kwenye maji makali ya asidi hawezi kurushwa ghafla kwenye maji ya kisima yenye chokaa. Mabadiliko hayo peke yake yanaweza kumuua. Mimi bahati yangu nilikuwa nimebakisha ndoo moja ya maji yaleyale ya mvua tangu Jumamosi. Niliwahamishia humo, kisha nikaanza kuongeza maji ya kisima ya jirani, kata moja kila baada ya dakika tano, kwa muda wa saa nzima. Pampu ya hewa niliihamisha kutoka kwenye tangi. Umeme ukikatika, chota maji ya ndoo kwa kata na uyamimine tena humohumo kutoka juu kidogo, mara kwa mara. Mapovu yale yanaingiza hewa. Wanafunzi walipokezana kufanya hivyo mpaka saa sita. Katika watano, wanne waliishi.

Kama huna pa kuwahamishia, toa nusu ya maji, rudisha mengine taratibu yenye joto lilelile, washa hewa kwa nguvu zote. Usiwape chakula siku hiyo.

Magadi ya kuokea ndiyo watu wanayoyakimbilia, kwa kuwa yanaua asidi. Kweli yanaiua. Lakini yakimwagwa kwa mkupuo yanapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji: ikishuka, asidi imezidi) kwa dakika chache, na tangi likiwa lina uchafu wa samaki, amonia iliyokuwa imetulia kwenye maji ya asidi inageuka kuwa ile inayopenya matamvua na kuunguza. Umemtoa samaki kwenye shimo moja ukamtia kwenye jingine.

Silikoni inagandaje

Inayotoka kwenye tyubu ni uji. Kinachoigandisha ni unyevu wa hewa, si jua. Kwa hiyo hewa yetu hii, ambayo hata chumvi ya mezani inalowana ndani ya kibakuli, kwa silikoni ni neema. Nimeona watu wakilitoa tangi uani likaanikwe juani kama nguo. Halizidi kukauka kwa hilo.

Silikoni ya kawaida ya vioo, wakati inaganda, inatoa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ngozi ya juu inajifunga ndani ya dakika 10 hadi 20. Baada ya hapo unyevu lazima upenye ngozi hiyo kuingia ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku ya kwanza, na kila tabaka linaloganda linauchelewesha zaidi. Kwenye maungo ya tangi, yaani kila ungo ambapo vioo viwili vinakutana, kazi ni ndefu kuliko kwenye dirisha. Silikoni imebanwa katikati ya vioo viwili, na kioo hakipitishi unyevu hata chembe. Njia ni mbili tu: ule ukingo mwembamba wa nje, na mstari wa kona ya ndani, ambao nao fundi ameupaka mnene ili tangi lisivuje. Kidole kinagusa pakavu. Milimita tano chini yake bado ni uji, na asidi yake yote bado imo.

Marehemu bibi yangu alikuwa haiamini karafuu kwa rangi yake. Ikishakuwa kahawia juu ya jamvi, anaokota moja, anaivunja kwa vidole. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, inarudi juani, kwani ukiitia guniani ikiwa mbichi ndani inafukuta na kuwa mpeta, na mpeta hakuna anayeinunua kwa bei ya karafuu. Silikoni ninaipima kwa mtazamo huohuo: naitazama ndani, si juu.

Siku hizi, fundi akimjengea mtu tangi, ninamwomba akamulie silikoni kidogo katikati ya vipande viwili vya kioo vilivyobaki, unene uleule wa ungo, na atie donge jingine dogo juu ya kipande cha tatu. Vipande hivyo vinakaa kando ya tangi, hewa ileile, chumba kilekile. Siku ya saba ninakata donge kwa wembe. Ndani pakiwa na unato, au harufu ya siki ikipanda puani unapokata, tangi halijawa. Kisha navibandua vile vioo viwili nitazame katikati. Hapo ndipo ukweli unapoonekana, kwa sababu huwezi kulibandua tangi lenyewe.

Kijiko kimoja cha siki

Nataka nieleze kwa nini kiasi kidogo namna hii kinaua, kwa kuwa watu hunijibu, "Lakini ni harufu tu, mwalimu."

Chukua lita 100 za maji ya mvua. Maji ya mvua hayana chokaa, hayana cha kuikabili asidi. Gramu 0.6 tu za asidi ya asetiki zinatosha kushusha pH ya maji hayo yote mpaka karibu 4.5. Kiasi hicho hakifiki hata kijiko kimoja kikubwa cha siki ya asilimia 5. Ndoo yangu ya Jumamosi ilionyesha 6 kwenye karatasi ya kupimia. Tangi lilionyesha kati ya 4 na 5.

Sasa upande wa pili, ambao ndio umewapoteza wengi. Bakteria wanaipenda sana asidi hii. Kwao ni chakula. Wanakula, wanazaana, na maji yanageuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Kwa hesabu ya kemia, kila gramu moja ya asidi ya asetiki ikiliwa yote inahitaji oksijeni gramu moja na kidogo. Maji ya nyuzi 28 yanabeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 kwa lita, ambayo kwa lita 100 haifiki gramu moja nzima. Yaani kijiko kilekile cha siki, kikiliwa na bakteria usiku pampu ikiwa imezimika, kinaweza kumaliza karibu pumzi yote ya tangi.

Kwa hiyo samaki wako anaweza kuuawa kwa njia mbili tofauti na kitu kimoja, na njia hizo zinategemea maji uliyotia.

Hili nililiona wazi kwa binamu yangu anayekaa Fuoni, Unguja. Yeye alijaza maji ya kisima. Visima vingi vya Unguja vinatoka kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yameshiba chokaa. Ukichemsha chai wiki mbili birika linafanya magamba meupe. Alinipigia simu: samaki wanatweta, maji meupe, lakini amepima pH, iko 8, kwa hiyo si silikoni. Nikamwambia chokaa ndiyo inayokuficha. Asidi inatoka, chokaa inaimeza, karatasi haioni kitu. Lakini bakteria wanaendelea kula vilevile. Alipofunika tangi kwa nailoni usiku kucha na kuifunua alfajiri, harufu ya siki ikampiga usoni.

Basi usiutegemee mpimo wa pH peke yake kwenye maji ya kisima. Ukitaka jibu la haraka, chukua kipande cha silikoni kinachotoka nje ya ungo, ukubwa wa punje ya mahindi, ukikate vipande vidogo vidogo, utie kwenye chupa safi ya jemu pamoja na nusu kikombe cha maji ya mvua. Chupa ya pili itie maji hayohayo bila silikoni. Funga zote mbili, ziache siku nzima, pima. Zikilingana, silikoni ya juu imetulia, ingawa ndani ya ungo huenda bado. Ya kwanza ikishuka kuliko ya pili, asidi bado inatoka.

Na kabla hujaihukumu silikoni, ihukumu kwa haki. Tangi jipya linaua kwa sababu nyingine pia. Klorini ya maji ya mfereji inaua ndani ya saa chache. Amonia ya tangi lisilokuwa na bakteria wazuri wa kuila inaua polepole, siku ya tatu, ya nne, ya saba, na inapanda kadiri unavyolisha. Ndiyo maana nasisitiza ndoo ya ushahidi: maji yaleyale, siku ileile, nje ya tangi. Samaki akiwa mzima ndani ya ndoo na anaumwa ndani ya tangi, kosa limo kwenye tangi.

Ikiwa ni siki

Toa maji yote. Hayana madhara kwa migomba wala kwa choo, na siku za shida ya maji usione aibu kuyakinga kwenye madumu ukayatumia kupigia deki. Toa mchanga, mawe na sponji ya chujio. Mchanga na mawe yasuuze, sponji ikamue kwenye maji safi mara kadhaa. Vioo vipanguse kwa kitambaa kipya chenye maji matupu. Sabuni isiguse ndani ya tangi kwa hali yoyote.

Kisha liache wazi. Liweke ndani ya chumba, juu ya meza iliyo sawa, mbali na jiko, na feni ipulize ikipitia mdomoni mwa tangi, si lazima kwa nguvu. Feni haikaushi silikoni. Inaondoa mvuke wa asidi unaotuama chini ya tangi, kwani tangi ni kisanduku, na hewa yake haitoki yenyewe. Wenyewe hapa walinishauri nilifunike kwa khanga lisiingie vumbi. Hapana. Vumbi linafutwa, mvuke ukifungiwa unabaki.

Siku ngapi? Mimi nahesabu siku 7 tangu nilipolitoa maji, na 14 kama mstari wa ndani ni mnene kuliko kidole kidogo cha mtoto. Silikoni iliyokuwa chini ya maji haiharibiki, inaendelea kuganda, ila asidi yake ilikuwa inaingia majini badala ya kuingia hewani.

Siku ya nane funika mdomo kwa nailoni usiku mmoja, unuse asubuhi kabla hujanywa chai, pua ikiwa bado safi. Ukinusa siki, ongeza siku tatu. Ukinusa hewa tupu, jaza maji hadi juu kabisa, kwa sababu maungo ya wima yanapanda mpaka juu nayo yanataka kuoshwa. Acha siku moja au mbili, hewa ikipiga. Linganisha na ndoo. Mwaga. Rudia. Tangi letu la maabara lilitaka mara tatu: mara ya kwanza utandu ulirudi mwembamba, tukalaza karatasi ya tishu juu yake na kuunyanyua, mara ya pili maji yalififia kidogo siku ya pili, mara ya tatu yalikaa siku tatu kama hayamo.

Watu huniuliza habari ya mkaa. Mkaa maalumu wa chujio unasaidia kuondoa harufu na mafuta yanayotoka kwenye silikoni, na ukiupata utie, kisha uutupe baada ya wiki chache. Lakini asidi ya asetiki yenyewe inashikika vibaya kwenye mkaa, kwa hiyo usiuone mkaa ukadhani umemaliza kazi. Na mkaa wa kupikia si huo. Haukuandaliwa kushika sumu, una majivu yanayopandisha pH na vumbi jeusi litakalokusumbua mwezi mzima.

Ikiwa ni dawa

Hapa naomba uwe mkweli na nafsi yako, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya.

Tafuta tyubu yenyewe. Usikubali fundi akuelezee kwa mdomo, mwombe akuonyeshe, hata ikiwa imeshatupwa jaani nenda mkaitafute. Silikoni ya bafuni, chooni na jikoni kwa kawaida imetiwa dawa ya kuua kuvu, ili mistari ya vigae isiote weusi. Dawa hiyo imewekwa itoke polepole, miaka na miaka, kila inapoloa. Hiyo ndiyo kazi yake. Ndani ya tangi inaloa saa 24. Samaki wakubwa wanaweza kustahimili siku kadhaa wakakupa matumaini, lakini konokono na kamba wadogo wanaondoka mwanzo, kisha samaki mmoja mmoja, bila maji kuwa meupe wala kunuka.

Kuna aina ya tatu, zisizonuka siki hata zikiwa mbichi, ambazo mafundi wa alumini wanazipenda kwa sababu asidi inakula alumini na kuchafua mawe. Baadhi zinatoa pombe wakati wa kuganda, nyingine zinatoa kemikali iitwayo oksimu, ambayo si ya kuwa karibu na samaki. Zipo katika kundi hili zinazofaa matangi, na mtengenezaji huandika hivyo wazi kwenye tyubu. Kanuni ninayoishika mimi: kama tyubu haitaji matangi ya samaki, na haikunuka siki siku ya kupakwa, naihesabu kuwa ni dawa. Vilevile tyubu iliyopitwa na tarehe. Silikoni ya zamani inaweza kubaki inanata milele, na hakuna siku ya nane itakayofika.

Binamu yangu wa Fuoni, tangi lake la kwanza lilipona. La pili alilijengewa na fundi mwingine aliyekuwa ametoka kumaliza kazi ya mabafu kwenye nyumba ya wageni, akamalizia tyubu zilizobaki. Alibadilisha maji kwa miezi miwili. Nilipokwenda Unguja kwa likizo tulilivunja pamoja barazani kwake, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Tandika blanketi nene sakafuni. Wembe mpya, si mmoja, kama kumi, kwa sababu silikoni inaupunguza makali upesi. Kata kwanza mstari wa kona za ndani, uvute kama unavyovuta uzi wa bamia, utoke mrefu. Lakini usiishie hapo. Wengi wanauondoa huo wa ndani wakapaka mpya juu, kumbe ungo wenyewe kati ya vioo ni silikoni ileile yenye dawa ileile, na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, kwa hiyo utapata sumu na uvujaji pamoja. Pitisha wembe katikati ya ungo, taratibu, mwenzio ameshika kioo, mpaka kipande kimoja kimoja kitengane. Vaa glavu nene. Kioo kilichokatwa hakina huruma, na binamu yangu ana alama ya kumkumbusha kwenye kiganja cha kushoto.

Kwangua kila ukingo. Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote, kutoka baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ukipitisha kucha kwenye ukingo na ikateleza kama juu ya sabuni, bado pana silikoni. Ikikwaruza kavu, pamesafika. Kisha pangusa kwa spiriti au asetoni, kitambaa kipya kila ukingo, milango wazi, watoto mbali na jiko mbali. Ukishapangusa usiguse tena kwa kidole, jasho la mkono linatosha kuzuia kushika.

Unaporudisha, tumia silikoni ya matangi, au ile ya vioo tupu isiyo na dawa ya kuvu, yenye harufu ya siki. Zungushia karatasi ya gundi kando ya kona ili mstari utoke mwembamba na ulionyooka. Mstari mnene hauongezi nguvu kama watu wanavyodhani, unaongeza siku za kungoja tu. Mafundi wa madirisha wana mtindo wa kulainisha kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni. Mwambie mapema asifanye hivyo. Kidole kikavu ndani ya glavu, mpito mmoja, kabla ngozi haijafunga, kisha vua ile karatasi papo hapo.

Sponji na mkaa uliokuwemo wakati wa dawa vitupe. Mchanga osha mara nyingi na uanike juani siku kadhaa; ukiwa na mashaka, tafuta mwingine.

Neno moja kwa watu wa Pemba hasa. Msimu wa karafuu ukiwa umeingia, nyumba nzima mikono ina mafuta yake. Mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vyake, yanalaza samaki. Madaktari wa samaki wanayatumia kwa makusudi kuwatia usingizi, na yakizidi hawaamki. Niliwahi kuhangaika wiki nzima nikiilaumu silikoni kwa tangi la jirani yangu, kumbe kijana wao alikuwa anatoka kuchambua karafuu, anatia mkono kwenye tangi kupanga mawe. Osha mikono kwa maji mengi, na afadhali tangi lishughulikiwe na asiyeingia karafuuni siku hiyo.

Kurudisha samaki

Tangi la maabara lilipokuwa tayari ilikuwa imeshafika wiki ya mwisho ya Mei. Sikurudisha wote wanne. Nilitia moli wawili, nikawalisha mara moja kwa siku, kidogo cha kwisha kwa dakika mbili, na wanafunzi wakaandika kwenye daftari kila asubuhi: samaki wako wapi, juu au katikati, mapezi yamefunguka au yamekunjwa, maji yananuka nini. Safari hii tulichanganya maji, nusu ya mvua na nusu ya kisima, ili pawepo chokaa ya kupokea kitakachotoka. Siku tatu zilipopita salama tukawatia wawili waliobaki. Wale gapi wapya tulisubiri wiki nne nzima kabla hatujawaagiza, bakteria wa chujio wawe wamekaa.

Fundi wetu alikuja mwenyewe kuliona. Nilimwonyesha vioo viwili vya majaribio nilivyovibandika kwa silikoni kisha nikavibandua, uji bado upo katikati siku ya sita, akavishika akavitazama kwa muda mrefu kwenye mwanga wa dirisha. Tangu hapo kila tangi analolipeleka kwa mtu anabandika karatasi ya gundi kwenye kioo cha mbele, ameandika kwa kalamu ya wino mzito siku aliyomaliza kulipaka, na chini yake siku ya kujaza maji, wiki mbili mbele.